Seti ya chupa nne za rangi ya Gram kwa mwanafunzi wa afya: inunue, lakini ichunguze chupa ya tatu

Mwanafunzi anayeanza uuguzi, utabibu, famasia au maabara hupokelewa na mikrobiolojia kwa mafuriko ya majina. Staphylococcus, Streptococcus, Escherichia, Klebsiella, Clostridium. Kila jina na ugonjwa wake, kila ugonjwa na dawa yake. Anayeyakariri yote kwa mpigo huyasahau kwa mpigo. Anachohitaji mwanzoni ni makundi machache ya kuyapanga, na mgawanyo wa kwanza kabisa, ule unaotumika kila siku katika maabara za hospitali, hupatikana kwa chupa nne za rangi, kipande cha kioo na hadubini.

Tathmini hii ni ya seti hizo za chupa nne za rangi ya Gram, njia ya kuwagawa bakteria katika makundi mawili kwa rangi, zinazouzwa zikiwa tayari kwa kufundishia, kwa kawaida za mililita 100, 250 au 500 kila chupa. Hukumu yangu naiweka wazi mapema: kwa anayeanza, hakuna kifaa cha mikrobiolojia kinachofundisha zaidi ya hiki. Kinastahili kutangulia slaidi zilizokwisha kupakwa rangi kiwandani na kutangulia modeli za plastiki za seli ya bakteria. Slaidi ya kiwandani inaonyesha jibu; seti hii inamlazimu mwanafunzi alitafute, na njiani anaelewa ukuta wa seli kuliko mchoro wowote unavyoweza kumweleza. Ila seti zenyewe hazifanani, na nyingi huangushwa na chupa moja.

Chupa ya kwanza ni kristali vayoleti, zambarau iliyokolea. Ya pili ni iodini ya Gram, ya kahawia. Ya tatu ni kiondoa rangi, kisicho na rangi yoyote. Ya nne ni safranini, nyekundu. Msingi wa njia hii ni wa Hans Christian Gram, daktari Mdenmaki aliyeichapisha mwaka 1884 akiwa Berlin, alipokuwa akitafuta namna ya kuwaona bakteria ndani ya tishu za mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Safranini iliongezwa na wengine baada yake, na kristali vayoleti yenye amoniamu oksalati iliyomo katika seti nyingi za leo ni marekebisho ya mwanabakteriolojia Hucker ya mwaka 1921. Seti ikitaja neno "Hucker" kwenye lebo ya chupa ya kwanza, ni dalili njema: mtengenezaji anajua anachouza.

Kabla ya kuzipima chupa moja moja, ni lazima ieleweke kila moja inafanya nini, maana makosa yote yanatoka hapo. Bakteria wote, wa Gram chanya (wanaobaki zambarau mwishoni) na wa Gram hasi (wanaoishia wekundu), huinywa kristali vayoleti. Baada ya chupa ya kwanza kila kitu kwenye kioo ni zambarau. Iodini ikifuata, huungana na rangi hiyo ndani ya seli na kufanya bonge kubwa lisilotoka kirahisi. Mpaka hapa bado hakuna tofauti yoyote kati ya makundi mawili. Tofauti inaletwa na chupa ya tatu peke yake, ambayo kwa kawaida ina alkoholi. Bakteria wa Gram chanya ana tabaka nene la peptidoglikani, yaani wavu mgumu wa ukuta wa seli, nanomita 20 hadi 80. Alkoholi hulikausha, matundu yake hubana, na bonge la rangi hukwama ndani. Wa Gram hasi ana tabaka jembamba la nanomita chache, na juu yake utando wa nje wenye mafuta. Alkoholi huuyeyusha utando huo, rangi inachuruzika, seli inabaki bila rangi. Safranini ndiyo inayompa wekundu ili aonekane. Kwa hiyo chupa mbili zinapaka, moja inafunga rangi na moja inapambanua.

Nianze na zile nyepesi. Kristali vayoleti ya kiwango kizuri, kwa kipimo cha Hucker, ni gramu 2 za rangi zilizoyeyushwa katika mililita 20 za ethanoli ya asilimia 95, zikachanganywa na gramu 0.8 za amoniamu oksalati zilizoyeyushwa katika mililita 80 za maji yaliyotoneshwa, mchanganyiko ukaachwa saa 24 kisha ukachujwa. Kasoro ya kuitafuta ni chembe. Geuza chupa taratibu juu ya mwanga: ukiona vipande vidogo vinang'aa au mashapo chini, hiyo rangi imeanza kuganda. Chembe hizo zikikauka juu ya kioo huonekana kwenye lenzi kubwa kama kokasi (bakteria wa duara) wa Gram chanya au kama vijiti vyeusi, na mwanafunzi ataandika kwa ujasiri wote kwamba sampuli ina bakteria. Dawa yake ni karatasi ya chujio; chuja kabla ya kutumia, usitupe chupa nzima. Seti zinazokuja na karatasi chache za chujio ndani ya sanduku zinastahili sifa kwa jambo hilo dogo.

Iodini ya Gram kwa kipimo cha kawaida ni gramu 1 ya iodini na gramu 2 za potasiamu iodidi katika mililita 300 za maji yaliyotoneshwa. Inaharibiwa na mwanga na muda. Chupa yake iwe ya kahawia au isiyopitisha mwanga, na kifuniko kibane vizuri. Iodini iliyofifia na kuwa njano ya majani ya chai hafifu haifungi rangi ya kwanza ndani ya seli, na bakteria wa Gram chanya watatoka wekundu hata kama hatua nyingine zote zimefuatwa sawasawa. Ni kosa gumu kuligundua kwa sababu kila mtu hukimbilia kulaumu chupa ya tatu. Zipo seti zenye iodini iliyoimarishwa kwa povidoni, ambayo hudumu zaidi. Kwa chuo kinachotumia seti mara chache kwa muhula, hiyo ndiyo ya kuchagua. Seti inayoleta iodini katika chupa nyeupe inayoangaza siipendekezi kabisa.

Sasa chupa ya tatu. Hapa ndipo seti mbili zenye sanduku linalofanana zinapotofautiana, na lebo nyingi huandika "kiondoa rangi" tu bila kusema ndani mna nini. Kuna aina tatu. Ethanoli ya asilimia 95 ndiyo ya polepole zaidi: sekunde 5 hadi 15 kwa utandazo mwembamba, yaani sampuli iliyotandazwa juu ya kioo. Mchanganyiko wa asetoni na ethanoli, mara nyingi nusu kwa nusu, huenda kasi zaidi: sekunde chache tu. Asetoni tupu ndiyo ya kasi kuliko zote, na sekunde mbili zinaweza kuwa nyingi. Mtaalamu wa maabara anayepaka slaidi nyingi kila siku hupenda mchanganyiko wa asetoni kwa sababu mkono wake umeshazoea na kazi inakwenda. Kwa mwanafunzi, sekunde mbili ni muda wa kupepesa macho na kutafuta chupa ya maji. Seti yenye ethanoli ya asilimia 95 inampa nafasi ya kuona zambarau ikitiririka, kupungua, kisha kukoma. Huko kuona rangi ikikoma ndiko kujifunza kwenyewe.

Basi kanuni ya ununuzi ni hii: seti isiyotaja kwenye lebo aina na uwiano wa kiondoa rangi isinunuliwe kwa kufundishia, hata ikiwa na sanduku la kupendeza. Ukiwa nayo tayari, ipime kwa bakteria wanaojulikana kabla ya kuipeleka darasani, na uandike sekunde zake mwenyewe kwenye chupa.

Kuna mengine mawili kuhusu chupa hiyo ambayo vikaratasi vya maelekezo huyanyamazia. La kwanza, asetoni huvukiza haraka kuliko ethanoli. Chupa ya mchanganyiko ikiachwa wazi wakati wa somo zima, kinachobaki jioni kina asetoni pungufu kuliko cha asubuhi, na muda uliofaa kundi la kwanza hautafaa kundi la mwisho. Kifuniko kirudishwe kila baada ya kutumia. La pili, asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki, hasa polistireni, na hufuta maandishi ya kalamu ya wino wa kudumu. Dropa za plastiki ngumu ya bei rahisi zinalainika na kuvuja. Chupa iwe ya kioo au ya polithini. Na slaidi ziandikwe kwa penseli kwenye ncha iliyokwaruzwa. Aliyeandika kwa kalamu ya wino atamaliza akiwa na slaidi nzuri isiyo na jina, na slaidi isiyo na jina katika hospitali ni slaidi ya kutupwa.

Ukizidisha kuondoa rangi, Staphylococcus anatoka mwekundu. Mwanafunzi anaona kokasi wekundu, anafikiria Neisseria, ambaye ni kokasi wa Gram hasi, na jibu zima limehamia upande mwingine wa mgawanyo. Ukipunguza, Escherichia coli anabaki zambarau na kusomwa kama kijiti cha Gram chanya. Utandazo ukiwa mnene, makosa yote mawili hutokea kwenye kioo kimoja: katikati ya bonge rangi haijatoka, pembezoni imetoka kupita kiasi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba seti hii haiwezi kuhukumiwa kwa utandazo mbaya. Lawama nyingi zinazotupiwa rangi hizi ni za kazi iliyofanyika kabla chupa hazijafunguliwa.

Utandazo mzuri kutoka kwenye sahani ya agari, yaani sahani ya kuoteshea bakteria, unaanza na tone dogo la maji safi na mguso mdogo wa koloni (kishada cha bakteria kilichoota) kwa kitanzi cha kuchotea, kiasi ambacho karibu hukioni kwenye ncha ya waya. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuchota kingi. Tandaza kwa duara la upana wa sentimita 1 hadi 2, acha ukauke wenyewe hewani hadi ukauke kabisa. Ukiukausha kwa moto ukiwa bado na unyevu, maji yanachemka na kuzipasua seli. Baada ya kukauka, pitisha kioo juu ya mwali mara mbili au tatu, upande wa utandazo ukiwa juu. Kioo kiwe cha moto kiasi cha kuhisi kwenye glavu, kisiwe cha kuunguza. Kwa sampuli za mgonjwa kama usaha, makohozi au maji ya uti wa mgongo, kugandisha seli kwenye kioo kwa methanoli kwa dakika 2 ni bora kuliko moto, kwa kuwa seli nyeupe za damu hubaki na umbo lake na mandharinyuma huwa safi. Seti chache zinakuja na methanoli. Zinazokuja nayo ninazipa alama ya ziada.

Kisha chupa. Kristali vayoleti ifunike utandazo kwa dakika 1. Suuza kwa maji yanayotiririka taratibu kwa sekunde zisizozidi 5, maana rangi ambayo bado haijakutana na iodini husombwa na maji mengi. Iodini dakika 1, suuza. Inamisha kioo, dondosha kiondoa rangi tone kwa tone kutoka juu ya utandazo hadi kinachodondoka kiwe karibu cheupe, na papo hapo suuza kwa maji kukikatisha. Safranini sekunde 30 hadi dakika 1, suuza, kausha kwa kukandamiza karatasi ya kunyonya bila kusugua. Kazi nzima haifiki dakika 5. Kikaratasi kinachosema "ondoa rangi kwa sekunde 30" bila kutaja aina ya kiondoa rangi wala unene wa utandazo kinafundisha kosa, na nimekiona kwenye seti zaidi ya moja.

Vikaratasi vingi vina upungufu mwingine mkubwa zaidi: havitaji vidhibiti, yaani bakteria wanaojulikana wa kulinganishia. Kila slaidi ya mwanafunzi iwe na madoa matatu kwenye kioo kilekile. Kushoto weka Staphylococcus epidermidis, kulia weka aina isiyo na madhara ya Escherichia coli kama K-12, na katikati sampuli yenyewe. Wa kushoto akitoka zambarau na wa kulia akitoka mwekundu, jibu la katikati linaaminika. Wote wawili wakiwa wekundu, umezidisha kuondoa rangi au iodini imekufa. Wote wakiwa zambarau, umepunguza. Kwa doa hilo moja la ziada kila upande, mwanafunzi anajua kama akubali au arudie, bila kumwuliza mkufunzi. Bakteria wa vidhibiti watoke kwenye sahani ya saa 18 hadi 24. Sahani ya siku tatu ina seli kuukuu zenye kuta zilizoanza kuchakaa, na Gram chanya wa humo, Bacillus hasa, hutoka wekundu au mchanganyiko. Hali hiyohiyo hutokea kwa bakteria kutoka kwa mgonjwa aliyekwisha kuanza antibiotiki zinazoshambulia ukuta wa seli, jambo ambalo muuguzi anayechukua sampuli anaweza kulizuia kwa kuichukua kabla ya dozi ya kwanza.

Unapokuwa na shaka na rangi, kuna kipimo cha kuthibitisha ambacho hakihitaji hata hadubini: tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 3 kwenye kioo, koloni ikavurugwa ndani yake kwa kitanzi. Gram hasi hupasuka, DNA yao inamwagika, na ndani ya dakika moja mchanganyiko unavutika kama ute ukiinua kitanzi. Gram chanya hawavutiki. Laiti kila seti ingekuwa na chupa ya tano ya kimiminika hicho, ingekuwa seti kamili ya kufundishia.

Safranini haina mengi. Kwa kawaida ni gramu 0.25 katika mililita 10 za ethanoli ya asilimia 95 na mililita 90 za maji. Udhaifu wake ni kwamba huwapaka kwa unyonge baadhi ya Gram hasi wembamba kama Haemophilus, Bacteroides na Legionella. Seti zinazotumia fuksini besiki ya asilimia 0.1 badala ya safranini hutoa wekundu mkali zaidi kwa hao. Kwa mwaka wa kwanza safranini inatosha.

Hadubini haimo ndani ya seti, lakini bila hadubini nzuri fedha ya seti imepotea. Kokasi wa kawaida ana upana wa karibu mikromita 1, na hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takribani mikromita 0.2. Inahitajika lenzi ya mafuta ya x100 pamoja na lenzi ya jicho ya x10, yaani ukuzaji wa mara 1000, na mafuta yenye kipeo cha mpindo (kiasi cha kuupinda mwanga) cha karibu 1.515, sawa na kioo, ili mwanga usipotee kati ya slaidi na lenzi. Kondensa, lenzi ya chini inayokusanya mwanga, ipandishwe juu, na kiwambo chake cha kupunguza mwanga kifunguliwe. Anayeanza huwa anafunga kiwambo ili picha ipate utofauti, na hapo rangi zinakuwa kijivu na haiwezekani kutambua zambarau wala wekundu. Anza kwa x10, tafuta sehemu nyembamba ambapo seli hazijapandana, kisha weka mafuta. Usirudi kwenye x40 mafuta yakiwa juu ya kioo; lenzi hiyo ni kavu na mafuta yataichafua. Futa kwa karatasi ya lenzi, si kwa shati wala tishu.

Sasa swali ambalo mwanafunzi wa afya ana haki ya kuliuliza: rangi mbili hizi zinamsaidia nini mgonjwa? Zinasaidia mapema kuliko kipimo kingine chochote cha bakteria kilicho rahisi hivi. Chupa ya damu iliyooteshwa ikionyesha dalili ya ukuaji, utandazo wa Gram ndiyo taarifa ya kwanza inayopigiwa simu wodini: kokasi wa Gram chanya kwa vishada, au vijiti vya Gram hasi. Kwa maneno hayo machache daktari anaweza kubadilisha dawa. Vankomaisini, kwa mfano, ni molekuli kubwa isiyopenya utando wa nje wa Gram hasi; kwa hao haina kazi. Utando huohuo una lipopolisakaridi, na sehemu yake iitwayo lipidi A ndiyo sumu inayochochea mshtuko wa damu kwa mgonjwa mwenye vijiti vya Gram hasi kwenye mzunguko. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake alkoholi ikiuvunja utando huo hahitaji kukariri aya hii.

Mifano mingine iko wazi. Usaha wa mrija wa mkojo wa mwanaume mwenye dalili, ukionyesha diplokokasi (kokasi wawili wawili) wa Gram hasi ndani ya seli nyeupe, unaelekeza moja kwa moja kwenye kisonono. Diplokokasi wa Gram chanya katika maji ya uti wa mgongo huelekeza kwa Streptococcus pneumoniae. Wa Gram hasi, kwa Neisseria meningitidis. Mkojo usiozungushwa kwenye mashinepewa (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi), ukiwa na bakteria mmoja au zaidi kwa kila uwanja wa lenzi ya mafuta, kwa kawaida unalingana na bakteria 100,000 au zaidi kwa mililita. Na makohozi hupimwa ubora wake kwanza kwa lenzi ya x10: seli bapa za mdomoni zikizidi 10 kwa uwanja, hiyo ni mate, iombwe sampuli nyingine; seli nyeupe zikizidi 25 na seli bapa zikiwa chache, hayo yametoka kifuani na yanafaa kusomwa. Hilo la makohozi linafaa kufundishwa wauguzi kwa mkazo uleule kama wa watu wa maabara, kwa sababu wao ndio wanaomwelekeza mgonjwa namna ya kukohoa.

Mipaka ya seti nayo isemwe wazi, na vikaratasi vingi havisemi. Mycobacterium tuberculosis hawapaki vizuri kwa njia hii kwa sababu ya nta iliyo kwenye ukuta wao. Wanahitaji Ziehl-Neelsen, ambayo ni seti nyingine yenye fuksini ya kaboli, alkoholi yenye asidi na methilini bluu. Mycoplasma hawana ukuta kabisa. Chlamydia na Rickettsia huishi ndani ya seli na hawaonekani kwa maana yoyote. Treponema pallidum wa kaswende ni mwembamba mno. Acinetobacter ni wa Gram hasi lakini huikatalia chupa ya tatu na mara nyingi hubaki na zambarau. Hamira kama Candida hutoka zambarau na ukubwa wao ndio unaowatambulisha. Na hata rangi ikitoka vizuri haitaji spishi: kokasi wa Gram chanya kwa vishada anaweza kuwa Staphylococcus aureus au epidermidis, na kuwatenganisha ni kazi ya kipimo cha koagulasi, kimeng'enya cha kugandisha plazma ya damu. Sampuli ya koo haifai kusomwa kwa Gram, kwa sababu bakteria wa kawaida wa mdomoni wamejaa na hutajua nani ni nani.

Kuna seti za hatua tatu, ambapo kiondoa rangi na rangi ya mwisho vimechanganywa katika chupa moja. Ni za haraka na zina matumizi yake mahali penye kazi nyingi. Kwa anayeanza sizipendekezi: zinaficha ile hatua moja ambayo ndiyo somo, na mwanafunzi anayezitumia hataona kamwe zambarau ikikoma kutiririka.

Ujazo nao una hila. Wauzaji hufungasha chupa nne zenye ujazo sawa, wakati matumizi hayalingani. Kristali vayoleti, iodini na safranini hutumia kama mililita 1 kila moja kwa utandazo mmoja. Kiondoa rangi, kikidondoshwa hadi kitoke cheupe, hutumia mara kadhaa ya hiyo, na kwa mikono ya wanafunzi zaidi. Seti ya mililita 100 itabaki na chupa tatu zenye rangi na moja tupu mapema mno. Wachache hufungasha kiondoa rangi mara mbili. Hao wanaijua kazi.

Usalama hauna mjadala. Ethanoli, methanoli na asetoni hushika moto, kwa hiyo taa ya spiriti izimwe baada ya kugandisha na kabla ya kufungua chupa ya tatu. Kristali vayoleti hushukiwa kusababisha saratani na hudumu kwenye ngozi kwa siku kadhaa. Glavu, koti na miwani ya kinga vivaliwe. Kupitisha kioo motoni hakuui kila kitu, hasa mbegu za Bacillus na Clostridium, hivyo slaidi zilizotumika zishikwe kama zenye vijidudu na ziende kwenye chombo cha vitu vyenye ncha kali. Taka za chupa ya tatu zikusanywe peke yake. Zisichanganywe na maji ya klorini, kwani klorini ikikutana na asetoni au ethanoli hutoa kemikali zenye sumu, klorofomu ikiwemo.

Chupa zikae kwenye kabati la giza kwa joto la kawaida la chumba, zikiwa na tarehe ya kufunguliwa iliyoandikwa kwa mkono, na vidhibiti vipakwe rangi kila chupa mpya inapofunguliwa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua muuzaji, mchague anayeuza pia chupa moja moja, ili kiondoa rangi kikiisha uagize hicho tu, cha aina na uwiano uleule uliokwisha kuuzoea mkono wa darasa lako.